Kwa mdogo wangu: gavana wako ameasi mapema mno

Mdogo wangu,

Katika rasimu yako ya riwaya ya dola iliyotapakaa kwenye nyota, gavana anaasi mwanzoni kabisa kwa sababu ana tamaa ya kiti. Hapo riwaya inapwaya. Mtu mwenye cheo, kasri na jeshi ana mengi ya kupoteza. Ataasi pale tu atakapoona kutii kutamwangamiza mapema zaidi.

Anza na umbali. Nuru yenyewe huchukua zaidi ya miaka 4 kutoka kwenye Jua letu hadi nyota iliyo jirani kabisa, hivyo ni lazima uvumbue vyombo vyenye kasi kuliko nuru. Vumbua, lakini viwekee kikomo. Mfalme anayeweza kuongea na majimbo yote papo hapo hahitaji magavana, makarani wanamtosha.

Tuseme safari ya makao makuu hadi jimboni ni siku 60. Mfalme anakufa leo. Gavana anapata habari siku ya 60, anauliza amtii nani, na jibu linamfikia siku ya 180. Sasa mishahara ya askari ilipwe kila baada ya siku 90, na hazina ya jimbo isifunguliwe bila kibali chenye muhuri wa mfalme. Kibali cha siku ya 90 kilitakiwa kuondoka siku ya 30, wakati hakuna mfalme wa kukipiga muhuri. Gavana akifungua hazina, ameiba mali ya dola. Asipofungua, kambi inachafuka. Mweka hazina anasukuma funguo katikati ya meza, kisha anaficha mikono yake chini ya meza. Hapo ndipo uasi unapozaliwa, na hakuna aliyetamka neno uasi.

Usidhani nakuza mambo. Roma, Galba alitoka ugavana wa Hispania akawa mfalme mwaka 68 BK, akakataa kuwalipa walinzi zawadi waliyoahidiwa kwa jina lake. Januari 69 walinzi hao walimgeuka, naye akauawa pamoja na mrithi wake.

Tazama pia mwisho wa muhula, maana hapo umepita haraka. Julius Caesar wa Roma alianza ugavana mwaka 58 KK, na muda wote wa cheo hicho hakuweza kushtakiwa. Wapinzani wake walitaka arudi Roma akiwa raia wa kawaida. Januari 49 KK alivuka na jeshi mto Rubicon, mpaka wa jimbo lake na Italia. Gavana wako naye awe na kesi inayomsubiri nyumbani. Kesi ya kodi inatosha.

Halafu umempa jeshi, kodi na meli za chakula kwa pamoja. Dola makini haifanyi hivyo: mfalme Augustus wa Roma aliiona Misri kuwa ghala la nafaka la hatari, akawakataza maseneta hata kuingia bila ruhusa. Ukishikilia kumpa vyote, onyesha ni nani aliyemwamini kupita kiasi. Kule China, mfalme Xuanzong alimwachia jenerali An Lushan kamandi 3 za mpakani, naye akaasi mwaka 755.

Kwa hiyo ile hotuba ya uasi ifute. Andika usiku wa siku ya 89: gavana yuko macho, funguo ziko pale pale mezani, na kamanda wa kambi amesimama mlangoni akiuliza kwa adabu iwapo askari wajipange kesho asubuhi kupokea mshahara.