Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: kifusi kinawapofusha samaki wetu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri,

Natumaini barua hii itakukuta salama, maana zile nilizoacha masjala sijui zilikutwa na nini.

Juzi malori yamemwaga tena kifusi chekundu ukingoni mwa bwawa letu, hapa mkoani Lindi. Nadhani kinatoka kwenye ile barabara mpya. Mvua ya usiku mmoja tu, asubuhi nazamisha mkono, vidole sivioni. Na wewe mwenyewe uliahidi mkutanoni, tukakupigia makofi, kwamba lori halitasogea pale.

Ofisini kwako nilijibiwa: “Mwalimu, samaki si wanazaliana hata kwenye tope?” Wanazaliana, Mheshimiwa. Swali ni nani na nani.

Ziwa Victoria kuna furu, samaki mdogo, mwenye jina la Baba wa Taifa, Pundamilia nyererei. Dume wake ana wekundu mgongoni. Dume wa nduguye, Pundamilia pundamilia, ni wa kibuluu. Majike wanakaribia kufanana, na ndio wanaochagua: huyu mwekundu, yule wa buluu. Uchaguzi huo ndio unaozitenga jamii hizo, kwa sababu zikipandana, watoto wao nao wanazaa vizuri tu. Mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, rangi hazionekani, na jamii huanza kuyeyukiana. Hata kwenye matangi, chini ya taa inayofuta tofauti ya rangi, jike wa nyererei aliacha kumbagua wa buluu.

Bwawani kwetu tuna perege wa asili, nanyi mkatumwagia vifaranga vya sato, naye ni aina ya perege, kamera zikiwaka. Perege wa aina mbalimbali huchanganyika kirahisi. Kwamba tope litazidisha, hapo nakisia. Bwana samaki wenu aje anikosoe, chai ipo.

Nafundisha baiolojia bila maabara. Wanafunzi walikuwa wakichuchumaa ukingoni kumtazama dume akichimba kiota mchangani, rangi zimemkolea, majike wakipita kumkagua. Sasa tunatazama uji. Nyumbani tunayaacha maji hayohayo ndooni usiku kucha yatuame ndipo tupike, na nauli ya bodaboda ya kuja kukusubiri kwenye benchi sijarudishiwa na mtu.

Maabara siombi. Majibu ya barua nimeshayasamehe. Kifusi kiondolewe kabla mvua hazijakolea. Kijiko cha halmashauri kimeegeshwa nyuma ya ofisi ya kata, nimekiona, na dereva wake yupo. Kiondolewe, Mheshimiwa.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Mwalimu wa baiolojia, Lindi