Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia Zetu za Changarawe katika Misitu na Mabwawa ya Sologne

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha baiskeli ataziwasilisha mweka hazina, nami sitazirudia. Taarifa yangu mwaka huu ni ya njia. Sologne haina mlima wa kumtoa mtu roho. Mgeni akiitazama kwenye ramani, kijani kitupu chenye madoa ya buluu, hudhani kazi ni kufika tu na kukanyaga pedali. Lakini hapa safari huharibikia mezani, kabla baiskeli haijatolewa nje, kwa sababu aliyechora njia hakujua ni ya nani wala ardhi yake ina tabia gani. Kamati imekuwa ikihakiki njia zetu upya, na ningependa kila mwanachama ajue zinahakikiwa vipi, maana kesho yeye ndiye atakayeongoza msafara.

Kwa waliojiunga karibuni: Sologne ni nchi ya misitu iliyo katikati ya Ufaransa, kusini mwa mto Loire, katika mikoa midogo ya Loiret, Loir-et-Cher na Cher, yenye ukubwa wa hekta kama 500,000 na mabwawa yapatayo 3,000. Mengi ya mabwawa hayo ni kazi ya mikono ya watu. Tangu Zama za Kati watu waliziba mabonde mapana kwa matuta ya udongo ili wafuge samaki, na mabwawa mengi yamepangwa kwa mnyororo, la juu likimwaga maji yake kwenye la chini. Juu kuna mchanga, chini kuna mfinyanzi usiopitisha maji. Hilo likumbukeni, kwa sababu ndilo linaloeleza karibu kila tabu tunayopata njiani.

Njia ni ya nani?

Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Sologne ni mali ya watu binafsi. Njia mbili za mchanga zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikawa ya umma na nyingine ya mtu. Sheria ya Ufaransa inatofautisha "chemin rural", ambayo ni mali ya kijiji na iko wazi kwa wote, na "chemin d'exploitation", ambayo ni ya wenye mashamba na misitu inayopakana nayo, nao wana haki ya kuifunga. Ramani ya kawaida ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, huzichora zote mbili kwa mstari uleule, bila kusema ni ya nani.

Kwa hiyo utaratibu wetu sasa ni huu. Ukishachora njia, fungua ramani ya viwanja ya serikali, ile ya "cadastre", uifuate kipande kwa kipande. Njia ikiwa ni ukanda mweupe usio na namba ya kiwanja, na umeandikwa "chemin rural" au kifupi chake "C.R.", ipo salama. Ikiwa inakatiza ndani ya kiwanja chenye namba, ichukulie kuwa ni ya mtu, uitoe. Palipo na utata, piga simu ofisi ya meya wa kijiji husika. Katika vijiji vidogo ofisi hufunguliwa saa chache kwa wiki, basi usingoje hadi Ijumaa jioni. Hatua ya mwisho ni ya uwanjani: watu wawili waipite kabla ya msafara, kwani ukanda ulio wazi kwenye karatasi unaweza kuwa umemezwa na miiba au umelimwa.

Msidanganyike na programu za simu zinazoonyesha mahali walikopita wapanda baiskeli wengi. Wingi wa waliopita hauwapi haki ya kupita. Hata alama nyekundu na nyeupe za njia ndefu za miguu hazitoshi: pale zinapopita kwenye ardhi ya mtu, ridhaa ya mwenyewe inaweza kuwa ya waenda kwa miguu tu.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu sheria ya tarehe 2 Februari 2023. Sheria ile ilitungwa hasa kwa ajili ya nyua ndefu zilizoikatakata Sologne. Inataka uzio wa maeneo ya asili usizidi mita 1.20 kwenda juu, na uache sentimita 30 kutoka ardhini ili wanyama wapite. Nyua zilizowekwa katika miaka 30 kabla ya sheria zinatakiwa kurekebishwa kabla ya tarehe 1 Januari 2027. Wanachama kadhaa wamefurahi wakidhani misitu inafunguliwa. Inafunguliwa kwa kulungu na nguruwe mwitu. Kwa binadamu sheria hiyohiyo imeongeza kosa jipya: kuingia bila ruhusa katika ardhi ya shamba au msitu wa mtu, ikiwa imewekwa alama kuwa ni binafsi, kuna faini ya papo kwa papo ya euro 135. Uzio ukishushwa, kibao cha "Propriété privée", yaani mali ya mtu binafsi, kinabaki na nguvu yake. Nasisitiza: hakuna mwanachama anayeruka mnyororo au kupita pembeni mwa geti, hata kama saa ya GPS inamwambia kijiji kiko mita 300 mbele.

Uti wa mgongo mzuri wa safari za upande wa mashariki ni mfereji wa Sauldre, wa kilomita 47, kutoka Blancafort hadi Lamotte-Beuvron. Ulianza kuchimbwa mwaka 1848 ili kuleta marili, yaani udongo wenye chokaa, kwenye mashamba haya yenye asidi, na meli ziliacha kupita mwaka 1926. Bwawa la Étang du Puits, la hekta 180 hivi, lilitengenezwa ili kuulisha mfereji huo maji. Ukingo wa mfereji ni tambarare na una kivuli, ila nyasi hurefuka sana mwezi Juni na huficha mizizi iliyoinua ardhi, na vibao vya kila kijiji visomwe. Upande wa magharibi, moyo wa nchi ya mabwawa ni Saint-Viâtre na Marcilly-en-Gault. Huko tunategemea zaidi barabara ndogo za lami, na vipande vya changarawe vinaunganishwa nazo.

Mchanga

Aliyewahi kuendesha baiskeli ufukweni bahari ikiwa imekupwa analijua hili: mchanga wenye unyevu hubeba, mkavu humeza. Siku bora za Sologne ni siku moja au mbili baada ya mvua, hasa Aprili, Mei na Oktoba. Kiangazi kikikauka, mikanda iliyo wazi ya kuzuia moto hugeuka unga. Kipupwe kikija, maji hayana pa kwenda kwa sababu ya ule mfinyanzi, na majani makavu hufunika mifereji iliyochimbwa na matairi ya mitambo ya kukatia miti. Gurudumu la mbele likiingia humo, halitoki kwa kukata usukani. Kati ya Desemba na Februari tumeziacha kabisa njia za namna hiyo.

Tairi tunayopendekeza ni ya milimita 45, isiyo na tyubu, yenye vijino vifupi katikati na virefu kidogo pembeni. Kwa mpandaji wa kilo 75 hivi, anza na upepo wa baa 1.9 mbele na 2.1 nyuma. Mkifika kwenye mchanga mrefu, shusheni hadi 1.6 mbele, na mbebe pampu ya kurudishia upepo kabla ya lami. Kosa tunaloliona mara nyingi ni upepo mwingi mno: tairi ngumu hukata mchanga kama jembe badala ya kuelea juu yake.

Kabla ya kuuingia mchanga, punguza gia mapema, kwa sababu ukiwa umeshazama mnyororo hautakubali kuhama. Sogeza uzito nyuma ya kiti, legeza mikono, tazama mita kumi mbele, zungusha pedali bila kukatiza. Usiguse breki ya mbele. Pita kwenye tuta la katikati lenye nyasi na sindano za msonobari, ambalo ni gumu kuliko njia mbili za magurudumu.

Ndani ya tairi weka mililita 60 za maji ya kuzibia pancha, na ukague kila baada ya miezi mitatu, kwani hukauka. Adui mkubwa ni miiba ya vichaka inayomwagika barabarani baada ya mashine za kufyekea ua wa mimea kupita majira ya baridi. Mwiba ulioingia na hauvujishi, uache hadi nyumbani. Unaovujisha, uchomoe, zungusha gurudumu tundu likae chini, ngoja dakika moja; ukishindwa, chomeka utambi wa mpira. Ukilazimika kuweka tyubu, pitisha kwanza kitambaa ndani ya tairi kutafuta miiba mingine. Wengi huruka hatua hii, na tyubu mpya hutoboka kabla hawajamaliza kilomita moja.

Mchanga huu ni wa madini magumu ya kwatzi (quartz), na kwenye mnyororo wenye mafuta mengi hufanya kazi ya msasa. Tumieni nta badala ya mafuta mazito, pigeni brashi kila baada ya safari, na mnyororo ubadilishwe ukirefuka asilimia 0.5. Pedi za breki zisiachwe zikabaki chini ya nusu milimita. Kila mmoja awe na kipande chake cha akiba cha alumini kinachoshikilia deraila, kifaa kinachohamisha mnyororo kwenye gia, kwenye fremu: kijiti kimoja kikinaswa kwenye spoku kinatosha kukipinda, na kipande cha mwenzako hakitaingia kwenye fremu yako.

Na matuta ya mabwawa. Njia nyingi halali hupita juu yake, maji upande mmoja, mtaro upande wa pili. Panya wa maji wanaoitwa "ragondin" huchimba mashimo kuanzia usawa wa maji kwenda ndani ya tuta. Juu nyasi zinaonekana nzima, chini pana uwazi. Utaona dalili: nyasi zilizolala kwa mstari kuelekea majini, udongo mbichi ukingoni. Shikeni katikati ya tuta, mmoja nyuma ya mwingine.

Uwindaji, kupe na mengineyo

Msimu mkuu wa uwindaji huanza mwishoni mwa Septemba hadi mwisho wa Februari. Kibao cha "Chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, hakifungi barabara ya umma, lakini msimamo wetu ni kugeuza na kuzunguka kwa lami. Kizibao cha rangi ya chungwa ni lazima msimu wote. Katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba madume ya kulungu huunguruma alfajiri na machweo; tuwe tumetoka msituni kabla ya giza. Mnyama mmoja akikatiza njia, simameni, wa pili yu nyuma yake.

Kupe wapo kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, hasa kwenye kangaga. Jikagueni usiku uleule, nyuma ya magoti na kinenani, na mtoe kupe kwa ndoano maalumu ya kutolea kupe, bila mafuta wala moto. Doa jekundu linalopanuka katika siku 3 hadi 30 linahitaji daktari, hata kama haliumi.

Maji hupatikana kwenye mabomba ya makaburini, isipokuwa pameandikwa "Eau non potable", yaani maji yasiyofaa kunywa, na majira ya baridi mengi hufungwa. Jumatatu maduka mengi ya vijijini hayafunguliwi. Vituo vya treni vya La Ferté-Saint-Aubin, Lamotte-Beuvron, Nouan-le-Fuzelier na Salbris viko kwenye reli moja ya kaskazini hadi kusini, hivyo mtu akichoka upande wa magharibi au mashariki mara nyingi hana njia ya mkato. Atarudi kwenye reli hiyo kwa pedali. Kwa sababu ni tambarare hakuna mteremko wa kupumzikia, na mikono na makalio huchoka kabla ya miguu. Simameni dakika mbili kila saa.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili: njia yoyote ambayo haijahakikiwa kwenye ramani ya viwanja ndani ya miezi 12 isitumwe kwa wanachama, na msafara wa msituni usizidi watu kumi, wakizidi wagawanyike katika makundi yanayoondoka kwa kupishana nusu saa. Orodha ya vipande vilivyoondolewa imeambatishwa, pamoja na sababu ya kila kimoja, na mwenye ushahidi kuwa kimojawapo ni cha umma aulete kwa katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti