Ukishampiga Kalamu Mlalamishi, Faili Haitengenezeki Tena

"Mbona mnatoza siku tatu kwa lalamiko la mtu mmoja?" Waajiri hapa Nairobi hutuuliza hivyo mara kwa mara sisi tunaowachunguzia malalamiko ya wafanyakazi, na wengine huhisi wamelanguliwa tunapokataa kuandika barua ya kumwachisha mlalamishi kazi alasiri hiyo hiyo.

Siku ya kwanza lalamiko linawekwa kwenye maandishi: nani alisema au kufanya nini, tarehe gani, mbele ya nani. Mlalamishi husoma na kutia sahihi. Siku ya pili mashahidi huhojiwa mmoja mmoja na mtu asiye bosi wao. Ya tatu ndiyo nzito. Kama ni ubaguzi wa mshahara au cheo, tunapanga karatasi za mishahara za wote wenye kazi ya thamani sawa na kutafuta sababu ya kila tofauti. Kazi hii hatuipunguzi, kwa sababu kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukufanyika. Mama akirudi kutoka likizo ya uzazi na kukuta cheo chake kimepewa mwingine, utaulizwa nani aliamua, lini, na kwa kigezo gani. "Hatukuwa na nia mbaya" haijibu swali hilo.

Njia ya mkato inayogharimu zaidi ni kumpiga kalamu aliyelalamika. Kifungu cha 46 hakikubali malalamiko kuwa sababu ya kufuta mtu. Hata akiwa na kosa lingine la kweli, kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiruka hatua hiyo, fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 12, na fidia ya ubaguzi huweza kuongezwa kando.

Usimhamishe mlalamishi tawi lingine "apumzike". Itasomeka kama adhabu. Wala usiandike leo barua ya onyo yenye tarehe ya mwaka jana. Kompyuta hutunza siku faili ilipoundwa, na barua moja ya uongo huchafua hata zile za kweli.

Wenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pia wawe na sera ya unyanyasaji wa kingono, iliyotungwa baada ya kushauriana na wafanyakazi. Sera iliyopakuliwa intaneti ambayo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuiona haitakutetea.

Ukitupigia kabla ya barua kutoka, ada ni ya siku tatu. Ikishatoka, tunachoweza ni kumpangia wakili wako karatasi zilizopo.