Rambirambi za simu hazichimbi kaburi

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu iliyosifu jinsi korona ilivyotuzoesha kumaliza shughuli za kijamii kwa simu nimeisoma, nikairudia, na chai ikanipoa mkononi. Tangu 2020 nimekaa kimya. Leo hapana.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kesho yake shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, na watoto wa msingi wakakaa nyumbani hadi Juni 29. Lakini sisi hatukufungiwa ndani. Sokoni tulienda, ibadani tulienda, nyungu tulijifukiza hadi macho yakawa mekundu. Tulichoacha ni kupeana mikono na kulala matangani. Mikono imerudi. Barakoa zilishavuliwa zamani. Matangani ndiko watu hawarudi, na udhuru ni ule ule wa mwaka ule.

Mwaka jana tulimzika shangazi yangu huku Rungwe. Wanawe walioko Dar es Salaam wakaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba "watashiriki kwa njia ya mtandao". Wakati wa korona tungewaelewa, kila mtu alikuwa na hofu. Sasa hofu ya nini, na Krismasi walikuwa hapa hapa, wakala ndizi na nyama, wakaondoka na viroba vya viazi? Basi siku ya kuzika mvua ya Tukuyu ikamwagika kama ilivyo ada yake, sisi tumo kwenye tope na makoleo, kumbe kuna kijana kapewa kazi ya kushika simu. Akawa anatupanga: babu sogea, unamziba mchungaji. Jeneza likiwa juu ya kamba, mtandao ukakata. Uliporudi, sauti ikatoka kwenye simu: "Subirini kidogo, hatuoni." Na tukasubiri, Mhariri! Wanaume wazima wameshika kamba, viganja vinawaka, mchungaji kaificha Biblia ndani ya koti, marehemu ananing'inia hewani kungoja watu waliokaa kwenye makochi. Hata waliposema "sasa tunaona", hakuna aliyewaitikia.

Halafu rambirambi. Inakuja kwa simu, bila hela ya kutolea. Tulipoletewa tozo za miamala Julai 2021 tulilalamika nchi nzima, zikapunguzwa. Lakini hawa ndugu zetu wanatutoza wenyewe kila msiba. Ukienda kwa wakala pale senta unaambiwa hana salio la kutosha, panda bajaji uende mjini. Hela ya sukari ya wafiwa inaishia barabarani. Na zile ndoo za kunawia zilizowekwa kila mlango wa ofisi, ziko wapi? Zilizobaki zina koki, maji hamna. Hizo mbona hatukuzizoea?

Ushauri wangu kwa serikali za vijiji ni huu. Anayetaka kuzika kwa mtandao aruhusiwe, ila kabla ya saa nne asubuhi awe ametuma ujira wa mchimbaji mmoja, hela ya mkungu wa ndizi na ya mzigo mmoja wa kuni kavu, zote pamoja na ya kutolea. Akichelewa, simu izimwe. Na siku ya kwake itakapofika, kundi la ukoo litamwekea alama ya mshumaa.

Mzee mmoja,
Tukuyu, Rungwe