Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Mwanangu, jina lako sikuuliza, kilio kilinizidi. Mjukuu wangu alizaliwa binti yangu akitumia unga, ile heroini: anatetemeka, analia kwa sauti kali, ziwa halishiki. Ulipunguza taa, ukamlaza kifuani pangu ngozi kwa ngozi, ukaniambia, “Bibi, akilia mwitikie kila mara. Humdekezi, unamfundisha kuwa yupo wa kumtegemea.”

Nimefanya hivyo miaka 2. Siku hizi akianguka hunikimbilia, nikimpakata hutulia, kisha huyo, anarudi mchezoni! Mama yake hunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga, kila asubuhi hapa Malindi, akitoka kliniki anakuja kumwogesha. Wengine walimnyooshea kidole. Wewe ulimwita “mama”. Asante sana, mwanangu. Mungu akulipe.