Ile filamu ya Turing

Salma mpenzi,

Salamu nyingi. Bibi hajambo, mguu umepoa? Kimya changu tangu Idi unisamehe, kusahihisha mitihani kulinibana. Leo naandika kwa sababu ya filamu uliyonitilia kwenye flashi, The Imitation Game, ya Alan Turing, yule mwanahisabati Mwingereza aliyesaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia.

Nimelia. Pale Joan Clarke, mfumbuzi mwenzake wa wakati wa vita, anapomkuta Turing nyumbani, ameshahukumiwa 1952 kwa kumpenda mwanamume mwenzake, homoni alizotiwa zimemnyong'onyeza, mikono inamtetemeka, hata chemshabongo ya gazeti haiwezi. Cumberbatch, aliyemwigiza Turing, kanimaliza. Na jinsi walivyoeleza mashine yake ya kufumbulia ujumbe, kwamba unakisia neno lililomo ndani ya ujumbe wa hali ya hewa, unaanzia hapo: chama changu cha hisabati kitaelewa bila mimi kushika chaki.

Lakini Salma, yule Cairncross waliyemweka katika kikundi cha Turing! Eti anamtishia Turing kwa siri yake, naye Turing ananyamaza huku akijua mwenzake ni jasusi wa Wasovieti. Ujasusi wa Cairncross ni kweli, na Bletchley Park, kituo cha wafumbuzi wa Waingereza, alifanya kazi, ila hakuwa katika kikundi cha Turing. Mtu kaadhibiwa na nchi aliyoitumikia, kafa 1954 ana miaka 41, kisha tumbambikie na usaliti?

Wapoland nao wametajwa juujuu tu. Rejewski, mwanahisabati wao, aliifumbua Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, mwaka 1932, na Julai 1939 yeye na wenzake wakawapa Waingereza kila walichojua. Gordon Welchman, aliyeiongezea mashine ya Turing nguvu, hayumo kabisa. Ile barua ya kuomba msaada kwa Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, waliiandika wanne, Welchman mmojawapo; kwenye filamu ni Turing peke yake. Kwani akili yake ingepungua tukiwaona wenziwe?

Bado narudi kwa Cairncross, linaniuma.

Sasa nina ombi. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, Sri Lanka, wafumbuzi wa Waingereza waliokuwa huko walihamia Mombasa, wakawekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram. Humo ndimo walimofumbua JN-40, msimbo wa meli za biashara za Kijapani. Hapo pako karibu nawe! Unaweza kunipigia picha ya jengo niwaonyeshe wanafunzi? Babu yako wa Kilindini aliwahi kutaja Wazungu wa redio? Na wewe, ulipoitazama, hukushtuka pale Turing aliponyamaza? Au uliamini, kama mimi mara ya kwanza?

Wako,
Rehema