Shukrani kwa mtaalamu wa usemi aliyetufundisha sisi

Dada mtaalamu wa tiba ya usemi, popote ulipo, pokea shukrani zetu kwa kumsaidia mtoto wetu kuongea, kwa tiba ya kupitia simu. Wengi hudhani tiba ya kwenye simu ni mtoto kukazia macho skrini. Wewe ulimwacha wetu acheze, ukatufundisha sisi: tuketi chini tutazamane naye, tutaje anachokishika, kisha tunyamaze na kuhesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kumsemea. Huo ukimya, kwa bibi yake hasa, ulikuwa mgumu kuliko yote. Akisema "maji", tuongeze kidogo tu: "maji baridi". Hata kaka yake ulimpa kazi ya kupokezana naye mpira na maneno. Siku hizi anaomba kwa mdomo wake, haonyeshi tena kwa kidole tu. Mungu akuzidishie, dada.